Saa moja ya Jumamosi: namna ya kumfaa jirani kwa ujuzi ulio nao

Msiba ukitokea mtaani kwetu Mbagala, Dar es Salaam, hakuna anayeuliza afanye nini. Jua halijapanda turubai limeshafungwa, viti vimeletwa, kinamama wako kwenye masufuria, na mtu mwenye mwandiko mzuri ameshika daftari la michango. Kila mmoja anaijua nafasi yake. Lakini kuna bibi anayeishi peke yake chumba cha uani. Amenunua umeme, namba za LUKU zimeingia kwenye simu, macho hayazioni, na magharibi inaingia. Hilo halina turubai wala daftari. Bibi anawasha mshumaa, analala.

Mimi ni fundi cherehani. Ni miaka sita sasa, kila Jumamosi kuanzia saa tatu hadi saa nne asubuhi mashine yangu inasimama, na saa hiyo ni ya majirani. Nimejifunza mengi katika saa hiyo, mengine kwa kumuumiza mtu. Ninaandika kwa ajili ya mwenye kazi yake, watoto wake na daladala yake ya kugombania, ambaye hana siku nzima ya kutoa, na hela ya kugawa hana, lakini ana saa moja na kitu anachokiweza.

Hatua ya kwanza: hesabu muda kabla ya ujuzi

Wengi huanza na huruma. Wanamwona mzee anahangaika, wanamwambia, "Usijali, mimi nipo." Wiki ya pili kazi zimebana, hawapo. Kwa hiyo anza na karatasi. Andika wiki yako ilivyo kweli, pamoja na siku za kufua na siku za kanisani au msikitini, halafu utafute saa moja ambayo hata katika mwezi mbaya huwa ipo. Ikiwa ni nusu saa, iwe nusu saa. Ikiwa ni saa moja kila baada ya wiki mbili, sawa. Nimeona watu wanaotoa nusu saa wakidumu miaka, na waliotoa Jumamosi nzima wakachoka kabla mwezi haujaisha.

Ukishaipata saa yako, tazama mikono yako. Usitafute ujuzi mkubwa. Kinyozi anaweza kumnyoa mzee asiyetoka kitandani. Mwenye simu janja anajua kukuza maandishi. Mwendesha bajaji anajua njia ya hospitali isiyo na foleni. Binti aliyemaliza kidato cha nne Novemba anasubiri matokeo, huyo ana muda kuliko sisi wote, na anasoma barua vizuri kuliko sisi wengi. Mimi nina sindano, uzi na mashine. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri: wahenga walisema kweli, na mimi naongeza kwamba anayetoa anachokijua hachoki upesi, kwa sababu anakifanya bila kutoka jasho.

Hatua ya pili: jitambulishe kabla hujapiga hodi

Sensa ya 2022 iliihesabia Dar es Salaam watu 5,383,728. Katika mji wa namna hii, mtu anayeingia nyumba ya mzee na kuomba kuona simu yake anafanana sana na tapeli, na mzee ana haki ya kumwogopa. Hivyo pita kwanza kwa mjumbe, halafu ofisi ya serikali ya mtaa. Huombi kibali cha kumsalimia jirani. Unataka tu watu wawili watatu wajue unafanya nini, siku gani, kwa akina nani. Mwenyekiti au mtendaji wa mtaa pia anajua kaya ambazo wewe huzijui, na anajua nani tayari anasaidiwa na nani amesahaulika.

Mara ya kwanza usiende peke yako. Nenda na mtu ambaye mwenye nyumba anamfahamu: jirani wa ukuta mmoja, mama wa jumuiya, au muuza genge anayemkopesha mchicha. Akikutambulisha yeye, nusu ya kazi imekwisha.

Hatua ya tatu: uliza bila kupekua

Hili ndilo watu hukosea, na si kwa ubaya. Wanauliza, "Bibi, una shida gani?" Swali hilo linamvua mtu nguo. Atajibu, "Sina shida mwanangu, namshukuru Mungu," na atakuwa amekufungia mlango kwa heshima zote.

Mimi huzungumza hivi, na nimeona inafaa:

"Hodi."
"Karibu."
"Shikamoo bibi."
"Marahaba mwanangu. Hujambo? Watoto?"
"Hawajambo. Bibi, mimi Jumamosi saa tatu huwa nimesimamisha mashine, nina saa moja. Kama kuna nguo ya kushona, karatasi ya kusoma, au simu inakusumbua, mtume mtoto aniite."
"Ahsante mwanangu."

Basi. Unaondoka. Usisubiri jibu siku hiyo. Kwa kawaida wiki mbili zinapita kimya, halafu mtoto anakuja na kitu kidogo kabisa, kifungo kimoja cha gauni. Kishone kifungo hicho vizuri kama ungelipwa. Ni mtihani, ingawa mwenyewe hajui kama ni mtihani. Kinachofuata kifungo ndicho kilichokuwa kikimsumbua tangu mwanzo.

Hatua ya nne: ahadi iwe fupi kuliko moyo wako

Mwaka wangu wa kwanza nilimwahidi mama mmoja jirani, mwenye presha na miguu inayovimba, kwamba nitamsindikiza kliniki kila mwezi. Mwezi wa kwanza nilikwenda. Mwezi wa pili nilipata kazi ya sare za harusi, nikasahau. Sikumpigia. Nilipopita kwake jioni nilimkuta amekaa kizingitini na kanga yake ya kutokea, mkoba mapajani, kadi ya kliniki mkononi. Alikuwa amejiandaa tangu saa kumi na moja alfajiri. Hakuwa amekwenda, kwa sababu alisema, "Nilijua unakuja, sikutaka uje unikose." Dawa zake zilikuwa zimekwisha jana yake.

Hakunilaumu. Ningekuwa sijaahidi chochote, angemwomba mpwa wake kama alivyofanya miaka yote. Ahadi yangu ndiyo iliyomkalisha pale mlangoni.

Tangu siku hiyo nina kanuni tatu na sizivunji. Siahidi neno "kila". Naahidi mara moja, ikitimia ndipo naahidi inayofuata. Natoa siku na saa, sitoi "nitapita pita". Na mtu huwa ana mbadala wangu: namba ya simu ya mtu wa pili, imeandikwa kwa herufi kubwa, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Nikiumwa, huyo anajua.

Ahadi ni deni, na mzee anayeishi peke yake hana wa kumdai.

Hatua ya tano: kazi zenyewe

Nitaanza na simu, kwa sababu ndiyo inayoletwa zaidi.

Wazee wengi wanatumia kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Jambo la kwanza ni majina: kwenye kitabu cha simu utakuta "Mama", "Mama2", "Fundi", "Hasani mpya", na hajui yupi ni yupi. Kaa naye, wapigieni mmoja mmoja, majina yaliyokufa yafute. Weka mwanawe wa karibu kwenye kitufe kimoja cha kubonyeza kwa muda mrefu kama simu inaruhusu. Mwonyeshe kwamba kitufe cha 5 kina kinundu kidogo katikati. Kwa kukipapasa ataijua ilipo 5, na kutoka hapo atazijua zote hata gizani. Kwenye simu janja ingia kwenye mipangilio, kuza maandishi, ongeza mwanga, punguza vitu vilivyojaa usoni mwa simu.

Umeme wa LUKU una tarakimu 20. Ukimnunulia au akitumiwa na mwanawe, ziandike kwenye karatasi kwa kalamu nene, nne nne, mafungu matano. Azisome yeye, abonyeze yeye, wewe umesimama pembeni. Mara ya kwanza mtatumia dakika kumi. Mara ya nne hatakuita tena, na hilo ndilo unalolitaka.

Kisha utapeli. Sidhani kuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kupata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kijana msomi anaufuta akicheka. Lakini anayeutuma anautuma kwa watu maelfu, akitegemea mmoja wao yuko njiani kwa wakala kulipa kodi ya chumba au kumtumia mjukuu ada. Huyo mmoja mara nyingi ni mzee wetu. Mfundishe mambo matatu tu, maana manne atasahau. La kwanza: ujumbe wa kutuma hela ukija, mpigie unayemdai au anayekudai kwa namba unayoijua siku zote, umuulize kwa mdomo. La pili: mtu akipiga na kusema "nimekosea kutuma, nirudishie", usirudishe kitu kabla hujaangalia salio lako, kwa sababu ujumbe wa kughushi hutoka kwenye namba ya mtu, na wa kweli hutoka kwa jina la huduma yenyewe. La tatu: namba ya siri haiombwi na mtu yeyote, hata anayesema anatoka kwenye kampuni ya simu.

Baada ya hapo bonyezeni pamoja *106# muone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, wazee wengi walibonyeza vidole barabarani kwa vijana wenye miavuli na hawakujua kilichosajiliwa. Mkikuta namba asiyoitambua, aende nayo kwenye duka la kampuni husika. Namba ya tapeli iripotiwe kwenye 15040.

Na wewe mwenyewe: usiijue namba yake ya siri. Atakupa. Ataitamka kwa sauti mbele ya watoto. Mwambie, "Bibi, hiyo usiniambie hata mimi," geuza uso, abonyeze. Ukishaijua, siku hela ikipotea, hata ikiwa imekatwa na makato halali, wewe ndiye mtu wa kwanza atakayefikiriwa, na hutakuwa na la kusema.

Karatasi zinafuata simu. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20 pia, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Hilo linasaidia sana: kabla mzee hajapanda gari kwenda kufuatilia mafao au akaunti ya benki, linganisha tarakimu hizo na tarehe iliyo kwenye karatasi nyingine, na linganisha majina herufi kwa herufi. Mwajuma na Mwanjuma ni watu wawili mbele ya karani. Tofauti ikiwepo, anza kwenye ofisi ya NIDA ya wilaya ukiwa na barua ya serikali ya mtaa, usianze kwa kijana wa steshenari anayesema ana mtu ndani. Malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo, ile inayoitwa kontroo namba. Anayedai alipwe mkononi bila namba hiyo, mwacheni.

Ukiletewa mkataba wa mkopo, hasa ile mikopo tunayoiita kausha damu, usiseme "ni mzuri" wala "ni mbaya". Soma kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka mwisho, halafu hesabuni kwa shilingi: anachukua ngapi leo, anarudisha ngapi kila wiki, jumla ngapi, na asiporudisha wanachukua nini. Andika jumla hiyo kwa kalamu nene, mpe alale nayo usiku mmoja kabla ya kusaini. Nimeona mtu akirudisha mkataba ule bila kusaini kwa kuiona ile namba moja tu.

Kumsindikiza mgonjwa ni kazi ya asubuhi nzima, si ya saa moja, kwa hiyo mimi naifanya mara moja kwa miezi miwili na nasema hivyo wazi. Kazi yenyewe huanza jioni ya jana yake. Kusanyeni kwenye mfuko mmoja kadi ya kliniki, kitambulisho, na dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba na zile alizopewa na jirani. Daktari anahitaji kuziona zenyewe, maana maelezo ya "kile kidonge cheupe" hayamfikishi popote. Muulize maswali yake yote, chagueni matatu, yaandike. Avae nguo ya mkono mpana ili kipimo cha presha kiingie bila kuvua. Kama ana kisukari na ameambiwa apime kabla ya kula, asile, lakini mbebee chai na mkate, vimsubiri akimaliza kupima. Mkifika, akae atulie dakika tano kabla ya kupimwa presha. Mzee aliyetoka kupanda ngazi atapimwa presha ya ngazi.

Ulizia dirisha la wazee. Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na wazee wasio na uwezo wana msamaha wa gharama za matibabu kwenye vituo vya serikali. Mkikwama kwenye malipo msirudi nyumbani. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini, na mkiwa na barua ya serikali ya mtaa mkononi mazungumzo yanakuwa mafupi.

Ndani kwa daktari, nyamaza. Mgonjwa ndiye aongee, hata akizunguka, hata akianzia mwaka aliozaliwa mtoto wa tatu. Wewe andika. Ukiona swali moja kati ya matatu limesahaulika, ndipo useme, "Mama, ulitaka kuuliza kuhusu miguu." Dirishani kwa dawa, mwombe mfamasia arudie, na kwenye kila boksi chora jua kwa dawa ya asubuhi na mwezi kwa ya usiku. "Kutwa mara mbili" wengi huielewa kuwa asubuhi na mchana. Jua na mwezi havina utata.

Kazi yangu mwenyewe ni sare, na mwezi wake ni Januari. Shule zinafunguliwa, Krismasi na mwaka mpya vimekula kila kitu, na mtoto amerefuka. Mzazi ananunua sare mpya kwa deni wakati ya zamani ingefaa mwaka mwingine. Fungua upindo wa sketi au suruali, piga pasi kwa kitambaa kilicholowa mstari wa zamani upotee, pinda upya. Sketi iliyobana kiunoni ina nafasi kwenye mishono ya pembeni kama fundi wa kwanza hakuikata. Zipu iliyoachia meno mara nyingi ni kichwa chake kilicholegea, kibane kwa koleo taratibu kabla hujainunulia nyingine. Magoti yaliyochanika yatilie kiraka kwa ndani, kwa kitambaa cha rangi ile ile, ushone kwa mzunguko, kisionekane darasani. Hilo la kutoonekana ni muhimu kuliko uimara. Mtoto anaijua sare yenye kiraka, na wenzake wanaijua. Ukishona mpya, acha upindo wa vidole vinne. Mafundi wenzangu wanaobana kitambaa hapo wanamnyang'anya mtoto mwaka mmoja.

Ukiweza hesabu au Kiingereza na ukataka kusaidia watoto wa jirani, fundisha barazani, mlango wazi, watu wakipita, si chini ya watoto wawili. Sitaki kueleza sana. Inakulinda wewe na inawalinda wao.

Hatua ya sita: usichokigusa

Dawa: usiongeze, usipunguze, usimpe zako hata kama ni zile zile. Una swali usiku, piga 199 ya Wizara ya Afya, utajibiwa bure. Mita ya umeme na waya unaoingia nyumbani ni vya TANESCO, shirika la umeme. Fundi anayejitolea aishie kwenye soketi na taa za ndani, na awe fundi kweli.

Mirathi na viwanja usivitolee ushauri, hata kama unajua. Mirathi nyingi hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, huduma yao haina malipo. Kazi yako ni kumfikisha kwao akiwa na karatasi zake zimepangwa.

Ukiona mtoto au mama ana alama za kupigwa, hiyo si kazi ya saa moja ya Jumamosi na usijaribu kuisuluhisha kwa kuongea na baba mwenye nyumba. Kwa mtoto piga 116, bila malipo. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda huko, na usimtaje aliyekuambia mbele ya watu wa mtaa.

Hatua ya saba: pokea, na usipige picha

Akikupa maembe mawili, yapokee. Akikukaribisha chai, kaa unywe. Nilipokuwa nikikataa kila kitu nilidhani ninafanya wema mtimilifu, mpaka babu mmoja aliponiambia, "Wewe unataka mimi niwe mtu wa kupewa tu." Tangu hapo amekuwa akinichongea mipini ya visu na kunitengenezea stuli za wateja, na mimi napunguza suruali zake. Hela sipokei. Kazi ya mikono yake naipokea kwa mikono miwili.

Picha ni jambo lingine, na hapa nina maneno makali. Siku hizi mtu akimpelekea mzee kilo mbili za unga lazima wasimame wapigwe picha, unga katikati, mzee ameinamisha kichwa, jioni iko kwenye status. Mzee huyo ana wajukuu wenye simu. Ana mkwe. Kijijini kwao kuna watu wanaomkumbuka alipokuwa na ng'ombe. Usimpige picha, usimtaje jina kwenye grupu la mtaa, na usisimulie saluni yaliyokuwa kwenye barua uliyomsomea. Aliyekupa barua yake umsomee amekupa siri yake nzima, na atajua siku ile ile kama imetoka.

Hatua ya nane: muwe watatu, halafu mkabidhiane

Peke yako utachoka. Wanaotoka Upareni wanaujua msaragambo, kazi ya kijiji inayofanywa na wote kwa siku moja, mfereji au barabara, halafu kila mtu kwake. Hili letu ni tofauti kidogo kwa sababu haliishi kwa siku moja, lakini mgawanyo ule ule unafaa: kila mtu na kipande chake. Kwetu siku hizi tuko wanne. Mimi nguo, binti wa nyumba ya pili simu na karatasi, mwenye bajaji hospitali, na fundi wa umeme ambaye anakuja tukimwita tu. Mtu akija kwangu na jambo la simu, simjaribishii. Namwambia, "Kwa binti, saa kumi jioni." Grupu tunalo, lina watu wanne hao hao na mjumbe, na hatuandiki humo majina ya tunaowasaidia. Tunaandika "nyumba ya mwembe", "chumba cha uani". Tunaelewana.

Mtaa huu ni wa wapangaji, watu wanahama. Binti atapata chuo, mimi naweza kuhama kodi ikipanda. Kwa hiyo tuna daftari moja la kurasa mia, linakaa kwangu kwenye droo ya mashine. Kila ukurasa ni nyumba moja: siku ya kliniki, namba ya mtu wa pili, kinachosaidiwa na nani, na mwisho wake lini, maana kila jambo tunaliandikia mwisho. Ukihama unakaa na anayekupokea, unampitisha nyumba kwa nyumba kwa miguu, unabisha hodi, unamtambulisha kama wewe ulivyotambulishwa. Mzee anamuona uso. Anamwuliza anatoka wapi na wazazi wake ni akina nani, na hapo muwe na subira, maswali hayo huchukua muda. Kurasa za waliofariki hatuzichani. Tunakunja pembe tu.

Namba ya siri ya mtu isiandikwe humo hata mara moja.